Ukuta Nyuma ya Shitingi

Hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, bado wapo watu wanaosema kwamba mke wangu alimuua mtoto wetu kwa upepo. Hawasemi kwa ubaya. Wanasema kwa sauti ya huruma, kama wanavyosimulia habari ya mtu aliyeanguka na pikipiki, kisha wanaendelea na mambo ya samaki wa ndagala na ya mvua. Mimi najua kwamba sivyo ilivyokuwa. Nilijua siku ileile walipoanza kusema, nikanyamaza.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari. Naomba msomaji asilisahau hilo, kwa sababu mimi nililisahau. Kila mwaka nachora ubaoni sufuria yenye kifuniko, nawaeleza wanafunzi kwamba mvuke ukikutana na kitu baridi hurudi kuwa maji, nawapa na mtihani juu yake. Asiyejua kujibu namkata alama. Nikitoka hapo narudi nyumbani kula muhogo kama mtu ambaye hajawahi kusoma.

Nyumba yetu ni ya matofali mabichi, mabati juu, vyumba vitatu, na iko upande wa chini karibu na ziwa. Niliipenda kwa sababu ya hapo ilipo. Kisha ziwa likapanda. Lilikuja taratibu, msimu baada ya msimu, likala michikichi, likala vibanda vya wavuvi, na siku moja tukaamka maji yako kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Tulihamia kwa kaka yangu mkubwa miezi kadhaa. Maji yaliporudi nyuma tulirudi na sisi, tukafagia matope, tukamshukuru Mungu kwamba kuta zimesimama. Zilisimama, lakini zilikuwa zimekunywa. Tofali bichi hunywa maji kutoka chini kama utambi wa taa, na jua la nje haliwezi kuukausha ukuta ambao ndani umefungwa. Chumba chetu cha kulala kilikuwa na dirisha moja, upande wa nyuma, na dirisha hilo nililiziba mwenyewe kwa matofali wakati ule ambapo kila siku tulisikia risasi na watu wenye bunduki wakipita kugonga milango. Majirani wengi waliziba ya kwao. Utulivu uliporudi kidogo hakuna aliyekumbuka kuzibua.

Basi vidoa vikaanza. Kwanza vilikuwa vichache, vya kijani chini ya kitanda, halafu vikawa vyeusi na kupanda hadi usawa wa goti. Mke wangu alivipangusa kwa kitambaa na sabuni, na baada ya wiki vilikuwa vimerudi. Nilisema ni vumbi la ziwa. Sijui vumbi la ziwa ni kitu gani. Nilisema tu, kwa sababu mume anapoulizwa jambo lazima awe na jibu.

Miaka sita tulikuwa tumekaa bila mtoto. Miaka sita ni mingi sana mahali ambapo watu wanakusalimia kwa kukuuliza watoto hawajambo. Kwa hiyo mke wangu aliposhika mimba, na mimba ikakaa, na mtoto akazaliwa, wa kike, mwenye nywele nyingi hadi kwenye mashavu, sisi wote tulipata wazimu kidogo. Ilikuwa katikati ya msimu wa mvua. Mama yangu alishuka kutoka Nundu akiwa na kuku wawili, mkungu wa ndizi na sheria zake.

Sheria za mama zilikuwa mbili, na si yeye aliyezitunga, ndivyo tulivyolelewa sisi wote. Ya kwanza ilikuwa juu ya upepo.

“Mutoto muchanga hatokake inje,” alimwambia mke wangu. “Kifua yake ingali mubichi. Miezi tatu, mama, unakaa naye mu chumba.”

Ya pili ilikuwa juu ya nguo. Nguo za mtoto mchanga hazianikwi uani, maana mtu mwenye jicho baya anaweza kupita, akazigusa au akachukua moja. “Haujue ni nani anapita,” mama alisema, na kwa kweli njia ya kuelekea sokoni inapita kwetu. Kwa hiyo alifunga kamba chumbani kutoka msumari hadi msumari, juu ya kitanda, na vitambaa vya mtoto vikaning'inia humo kuanzia asubuhi hadi jioni vikidondosha maji. Ili vikauke, na ili mtoto asisikie baridi, aliweka jiko la makaa karibu na mlango, na juu ya jiko sufuria ya maji ya kumkanda mzazi. Mlango ulifungwa. Dirisha halikuwapo. Ukiingia mle miwani inafunikwa na ukungu palepale, na mimi niliivua, nikaipangusa kwa shati, nikaivaa tena. Sikufikiri chochote. Asubuhi ileile labda nilikuwa nimetoka kuchora sufuria yenye kifuniko.

“Iyi chumba inanuka, baba,” mke wangu aliniambia mtoto alipokuwa na wiki mbili. “Weye hausikie?”

Nilikuwa nasikia. Ilikuwa harufu ya gunia la unga lililoloa. Mama alisema ndivyo chumba cha mzazi kinavyonuka. Lakini mke wangu alisogeza kitanda kidogo akanionyesha, na pale nyuma ukuta ulikuwa mweusi hadi usawa wa kifua changu, na mahali pengine ulikuwa na manyoya kama ya panya mdogo.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Akina mama wa kanisani walikuwa wametuma habari kwamba Jumamosi wanakuja kumwona mtoto. Hapa kwetu hawaji kukaa sebuleni. Wanaingia chumbani wote, wanakaa kitandani na chini, wanaimba, wanaomba, wanamshika mtoto mmoja mmoja. Wataona ukuta. Nyumba ya prof, mwalimu mzima, ina kuvu. Ndilo lililoniuma. Sikuwaza kifua cha mtoto hata kidogo, niliwaza uso wangu.

Alhamisi nikaenda sokoni nikanunua shitingi, zile plastiki ngumu nyeupe wanazopewa wakimbizi wa Burundi kufunika vibanda vya kambi. Aliyeniuzia alikuwa mwanamke aliyehitaji chakula kuliko plastiki. Ijumaa nikakusanya vizibo vya chupa, nikavitoboa, nikavipanga kwenye misumari ili plastiki isichanike, na nikaufunika ukuta wote wa nyuma kutoka chini hadi kwenye miti ya paa. Niliipiga ikakaza. Chumba kikawa cheupe, kikang'aa. Mama alisimama akatazama akasema kazi nzuri, na mke wangu, aliyekuwa amechoka, alisema sasa afadhali.

Wanawake walipokuja walisifu ukuta kabla ya kumsifu mtoto. Mmoja aliuliza kama naweza kwenda kwake kumfanyia hivyo. Nilifurahi sana siku ile. Naona aibu kuandika jinsi nilivyofurahi.

Harufu ilipungua wiki moja, halafu ikarudi, nzito zaidi. Mtoto alipofika mwezi mmoja na nusu akaanza kukoroma. Mwanzoni tulicheka, tukasema anakoroma kama babu yake. Kisha kikawa kikohozi kidogo kikavu, na akinyonya anaachia titi ili apate pumzi, analia, anashika tena. Mke wangu alikonda kwa kumtazama.

Asubuhi moja mama alipokwenda kwenye maombi, mke wangu alimfunga mtoto vizuri kwa vitenge viwili, akatoka naye nyuma ya nyumba na kukaa kwenye kigoda juani. Niliwakuta hapo nikiwa naondoka kwenda shule. Mtoto alikuwa amelala mdomo umefungwa. Hakuwa anakoroma. Mke wangu aliniinulia macho akaniambia taratibu, “Ona vile anapumua.”

Niliona. Nilisimama pale hadi nikachelewa kengele. Siku tatu alifanya hivyo, mama akiwa hayupo, na siku zote tatu nilijua. Siku ya nne upepo wa ziwa ulikuwa umeamka, mama akarudi mapema, akawakuta nje. Alipiga kelele hadi majirani wakatokea kwenye ua. Alimwambia mke wangu kwamba miaka sita hakujua kupata mtoto na sasa hajui kumtunza. Mke wangu alikuja shuleni na mtoto mgongoni, akaniita nje ya darasa. Hakuwahi kufanya hivyo.

“Mwambie mama,” alisema. “Weye uliona na macho yako. Inje anapumua, mu chumba hapumue.”

Na mimi nikamjibu hivi, nayakumbuka maneno yangu moja kwa moja, “Mama alituzaa saba, anajua. Rudi mu chumba, usimutoshe tena.”

Akarudi. Ni mwanamke anayetimiza anachoambiwa, na wakati ule nilihesabu hilo kuwa sifa yangu. Hakumtoa tena nje.

Baada ya siku tano mtoto alipata homa, na mbavu zake zikawa zinaingia ndani kila akivuta hewa. Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, mke wangu katikati, mimi nyuma nikishika kitenge kisipeperuke. Muuguzi alikuwa mwanamume mtulivu, wa umri wangu. Alimwekea mtoto dawa, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, kisha akaniuliza mimi na si mke wangu.

“Papa, mutoto analalaka wapi? Chumba iko na dirisha?”

“Iko nayo,” nilisema.

“Ukuta ni mukavu?”

“Ni mukavu.”

Aliniuliza pia kama tunawasha makaa ndani, nikasema ni kidogo tu. Mke wangu alikuwa amesimama palepale. Hakunikanusha mbele ya mtu. Kuhusu ukuta nilijifariji kwamba sikusema uongo, maana plastiki ilikuwa kavu, hata ningeipitishia kiganja.

Alikufa siku ya pili, mchana, wauguzi wakibadilishana zamu. Sidai kwamba ni ukuta uliomuua. Muuguzi alisema ni mapafu, na watoto wa mapafu katika msimu wa mvua walikuwa wengi katika chumba kile, wengine wametoka nyumba ambazo sijui kuta zake zikoje. Lakini mtu aliniuliza maswali, na pengine majibu ya kweli yangemfanya atende jambo jingine, au pengine hapana. Sitajua kamwe, na hilo nimepewa nikae nalo.

Matanga yalikuwa kwetu. Ndivyo desturi ilivyo, chumba cha aliyekufa kinatolewa vitu vyote, kitanda kinatoka, mikeka inatandikwa, mama wa marehemu anakaa chini na wanawake wanakaa naye. Kaka yangu na mimi tulikuwa tunatoa kitanda wakati wingu lilipokuwa linashuka kutoka milimani. Watu walikuwa wameshajaa uani na hapakuwa na cha kuwafunika. Kaka akatazama ukuta.

“Shitingi hii tuifunge inje,” alisema. “Mvua inakuya.”

Sikuwa na sababu ya kukataa niliyoweza kuitamka. Alishika pembe moja, akavuta, na vizibo vikaanza kuruka sakafuni. Plastiki ilianguka yote mara moja. Nyuma yake maji yalikuwa yanateremka ukutani kama jasho, na udongo ulikuwa umelainika na kumomonyoka. Ukuta mzima ulikuwa umeota, mweusi, kijani, na katikati njano, mahali palepale palipokuwa na kichwa cha mtoto. Harufu ilitusukuma nyuma wote wawili. Kaka alifunika pua kwa mkono na kunitazama, na nikaona kwamba anaelewa.

“Tufunge mulango,” alisema. “Bamama basione.”

Tukaufunga. Wanawake wakakaa chumba cha mbele badala ya kile. Ile shitingi tukaigeuza, upande uliooza ukatazama juu, tukaifunga kwenye nguzo nne, na mvua ikaja ikaiosha. Chini yake walikaa watu wetu wote siku tatu. Na chini yake mama yangu, aliyempenda mtoto yule kuliko nafsi yake, nisimsingizie, aliwaambia wote waliokuja kutoa pole kilichotokea.

“Upepo ya ziwa njo imemubeba. Mi nilisema. Habakusikia.”

Kila aliyekuja alisimuliwa. Walitikisa kichwa, halafu wakageuka kidogo, si sana, kumtazama mke wangu kupitia mlango uliokuwa wazi. Alikuwa amekaa mkekani, maziwa yanamtoka na kulowesha blauzi, na yeye alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa hatua sita kutoka kwa mama. Watu walikuwepo wote, wachungaji, walimu wenzangu, shemeji zangu waliokuja kutoka Lweba. Nilichukua birika nikaenda kuongeza maji ya chai.

Baada ya matanga mke wangu alikwenda kwao Lweba na akakaa huko hadi kiangazi. Nilibaki na ukuta. Nilimwita fundi, mzee mmoja anayejenga nyumba za udongo tangu ujana wake, akaingia, akakwaruza kwa kidole, akanusa kidole.

“Prof, uliivalisha koti wakati iko na maji,” alisema.

Kazi tuliyofanya ilikuwa rahisi mno, hata mtoto wa shule angeweza kuipanga. Tulikwangua udongo wote uliooza hadi kwenye tofali na kuutupa mbali, pua zikiwa zimefungwa vitambaa. Tulizibua dirisha. Juu chini ya paa tulitoboa matundu mawili yanayotazamana, hewa ya moto itoke, tukayawekea wavu. Nje tulichimba mfereji kando ya ukuta ili maji ya mabati yasirukie chini ya nyumba, na simenti ya sakafu niliyokuwa nimeipandisha ukutani kwa urembo, ikazuia maji kutoka, tukaivunja. Tuliacha ukuta uchi mwezi mzima wa jua bila kuupaka kitu. Mwishoni tukapaka udongo mpya uliochanganywa na majivu, na juu yake chokaa. Sasa kitanda kiko mbali na ukuta kwa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na nguo mbichi haziingii chumbani. Nikiona doa nalipangusa siku hiyohiyo na kutafuta maji yanatoka wapi. Nimewafundisha majirani wengi kazi hii. Wananisikiliza, wananishukuru, wananiita mtu mwenye akili. Hakuna hata mmoja anayeniuliza nilijifunzia wapi.

Mke wangu alirudi. Tulilima, tulikula, tulikwenda kanisani, na baada ya mwaka na zaidi akashika mimba nyingine. Mtoto wa kiume alizaliwa mwezi ambao mvua huisha. Mama akashuka tena kutoka Nundu, amezeeka, anatembea kwa fimbo. Aliketi, akanywa maji, akamwambia mke wangu kwa upole, bila ugomvi wowote, “Uyu, mama, usimutoshe mu upepo.”

Sijui kama ni upole ule ulionishinda. Nilisema, “Mama, haikukuwa upepo. Ilikuwa chumba. Mi ndiye niliziba ukuta ikiwa imeoza, na mi ndiye nilimukataza asimutoshe inje. Inje alikuwa anapumua. Niliona.”

Nilisema yote, pamoja na muuguzi na majibu yangu. Mama alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. Kisha akasema, “Wacha, mwana wangu. Ile ilishaka kupita.” Akaomba aonyeshwe mahali pa kulala.

Nilidhani nimeshusha mzigo. Nilimfuata mke wangu jikoni nikiwa mwepesi kabisa, nikingoja aniambie kitu. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuacha kuchambua.

“Ku matanga batu balikuwa bengi,” alisema. “Leo tuko batatu.”

Nilimwambia nitasema pia mbele ya watu. Nilimwahidi. Aliuliza siku gani, nikamjibu siku ya kumpeleka mtoto kanisani, maana siku hiyo wazazi husimama mbele, mchungaji humshika mtoto na kumwombea, kisha baba hupewa kipaza sauti aseme neno lake. Mke wangu alisema sawa. Wiki zile zote alikuwa tofauti, aliimba akifua nguo, alianika vitambaa uani kwenye kamba mpya, na watu waendao sokoni wakapita mbele yake.

Jumapili hiyo alivaa kitenge alichokitunza tangu harusi. Tulisimama mbele, kanisa limejaa hadi madirishani. Mchungaji akanipa kipaza sauti. Niliwatazama, nikaona wengi wao walikuwa wamekaa chini ya shitingi ile, na mama yangu alikuwa kwenye benchi la kwanza na fimbo yake. Nikamshukuru Mungu. Nikaishukuru kwaya. Nikawashukuru wauguzi na ndugu waliotoka mbali, na nilipoishiwa watu wa kushukuru nikarudisha kipaza sauti. Mke wangu alikuwa bado amenigeukia, akidhani natafuta maneno.

Mchungaji ni mtu mwema na anajua habari za waumini wake. Aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, akaomba kwamba Bwana amfunike huyu, amlinde na upepo. Kanisa zima likaitikia amina, na mimi nikaitikia pamoja nao. Mke wangu alimchukua mtoto kutoka kwa mchungaji na kurudi kukaa mahali pake.